Mzee mwenye kliniki tatu hakingwi na barakoa moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limeacha kusemwa tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) litangaze, tarehe 5 Mei 2023, kwamba UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Jambo lenyewe ni namna wazee wenye magonjwa sugu zaidi ya moja wanavyojikinga na maradhi ya kuambukiza, na zaidi ya hapo, namna utaratibu wetu wa matibabu unavyowanyima nafasi ya kujikinga hata wanapotaka. Ninaandika nikiwa muuguzi mstaafu niliyetumia sehemu kubwa ya utumishi wangu katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, na nikiwa pia mgonjwa wa kliniki hizo hizo, kwa hiyo benchi la wagonjwa nalifahamu kwa pande zote mbili.

Wakati wa janga mzee aliambiwa anawe mikono, avae barakoa na akae nyumbani. Ushauri huo ulikuwa sahihi na sina ugomvi nao. Ulimfaa vizuri mzee mwenye afya njema ambaye mwanawe aliweza kumletea mahitaji mlangoni na kuondoka. Lakini mzee mwenye kisukari, presha na moyo uliotanuka hatoki nyumbani kwa hiari yake. Maradhi yake ndiyo yanayomtoa, mara kadhaa kwa mwezi, na kumpeleka mahali penye wakohozi wengi kuliko soko na kanisa, yaani hospitalini. Tulimwambia akae ndani, na papo hapo tukamwandikia tarehe 3 za kurudi katika kadi 3 tofauti.

Nieleze jinsi siku ya kliniki inavyokwenda, maana wanaopanga ratiba hizi mara nyingi ni vijana wenye afya zao. Mama wa miaka zaidi ya 70 anayeishi Kibosho juu, huku mlimani Kilimanjaro, huamka saa 10 alfajiri, na hali kitu kwa kuwa ameagizwa sukari yake ipimwe kabla ya chakula. Huteremka na bodaboda hadi barabarani, hupanda Noah iliyojaza watu kupita kiasi na kufungwa vioo vyote kwa sababu ya baridi, na hufika mjini kabla jua halijachomoza sawasawa. Hutumbukiza kadi yake katika boksi, kisha huketi. Atapimwa uzito na presha kwenye meza moja na sukari kwenye meza nyingine; atamsubiri daktari; ataandikiwa kipimo cha figo; atapanga foleni ya kulipia, au ya kugongewa muhuri wa msamaha kama anastahili; ataingia maabara; atarudi kwa daktari na majibu; ndipo aende dirisha la dawa, ambako ataambiwa kwamba metformini ya sukari ipo lakini losatani ya presha imekwisha, hivyo aje kuulizia wiki ijayo au akanunue nje. Barakoa yake aliivaa alfajiri, na kufika saa 4 imeloa kwa pumzi, naye ameishusha kidevuni ili anywe chai na kula andazi baada ya kutolewa damu. Saa 8 mchana bado yupo, bega kwa bega na watu asiowajua, katika korido ambayo madirisha yake hayafunguki. Na hiyo ni kliniki ya kisukari peke yake. Katika hospitali nilizofanyia kazi, presha ilikuwa na siku yake, moyo ulikuwa na siku yake, na macho yalikuwa na siku yake, na dawa za kliniki zote zilikuwa za mwezi mmoja.

Wapo watakaonikumbusha kibao kinachobandikwa madirishani, “Mpishe mzee apate huduma kwanza”. Ni agizo jema, na katika idara ya wagonjwa wa nje linasaidia. Katika kliniki ya kisukari, hata hivyo, karibu kila aliyeketi ni mzee, na sijui nani ampishe nani.

Janga lilipoingia nilikuwa bado kazini. Mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa tarehe 16 Machi 2020, alikuwa abiria aliyetua uwanja wa ndege wa KIA, hapa hapa mkoani kwetu, kabla ya kubainika Arusha. Kwa hiyo hofu ilitufikia mapema kuliko watu wa mikoa mingine. Katika wiki zilizofuata mabenchi ya kliniki yalipungua watu hadi ukawa unasikia nyayo zako koridoni. Baadhi yetu tulifurahi kwamba wazee wametii. Baadaye tukaanza kuwapokea kupitia mlango wa dharura, huyu amepooza upande mmoja, yule ana kidonda cha mguu kilichokwisha kuoza, mwingine haoni vizuri na sukari yake haisomeki kwenye mashine kwa jinsi ilivyopanda. Walikuwa wamejikinga na korona kwa kuacha kuja, na kwa kuacha kuja walikuwa wameishiwa dawa. Siwalaumu hata kidogo. Tuliwapa njia mbili, kuja kwenye foleni au kukaa bila vidonge, nao wakachagua ile waliyoona haitawaua haraka.

Ilikuwapo njia ya tatu, na tulikuwa nayo ndani ya jengo lile lile. Watu wanaoishi na VVU walio na hali tulivu walikuwa wanapewa dawa za miezi 3, na wengine hadi miezi 6, ili wasilazimike kufika kituoni kila mwezi. Utaratibu huo haukuanzishwa kwa ajili ya korona, ila korona ilipokuja ulionyesha thamani yake, kwa sababu mgonjwa alifika mara chache, alikaa muda mfupi na aliondoka na dawa za kutosha. Sijasikia hoja ya kitabibu inayosema kwamba bibi ambaye presha yake imetulia kwa mwaka mzima kwa kutumia amlodipini ileile, kwa kipimo kilekile, ni lazima aonekane kila baada ya siku 30. Kinachohitajika ni presha yake kupimwa mara kwa mara, na hilo linaweza kufanywa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiwa na mashine ndogo ya mkononi, au zahanati ya kijiji iliyo mwendo wa dakika 15 kutoka nyumbani kwake.

Najua kizuizi kilipo. Dawa za VVU huletwa kwa fedha za wafadhili na hutolewa bure, ilhali dawa za presha na kisukari hutoka katika bajeti ya kituo, katika bima, au katika pindo la kanga la mgonjwa mwenyewe. Kituo ambacho hakina uhakika wa dawa za mwezi huu hakiwezi kutoa za miezi mitatu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mara nyingi kinachotolewa bure ni kumwona daktari na karatasi ya dawa, na karatasi hiyo hupelekwa duka la nje. Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na ningependa kuona katika utekelezaji wake kwamba mzee mwenye magonjwa matatu anaruhusiwa kuchukua dawa za magonjwa yote matatu kwa siku moja, kwa miezi mitatu, badala ya kila dawa kusubiri siku ya kliniki yake. Insulini ni habari nyingine, kwa kuwa inataka ubaridi na nyumba nyingi za kijijini hazina jokofu. Hata hapo, chungu cha udongo chenye mchanga mbichi hutunza chupa za mwezi mmoja vizuri kama kikiwekwa kivulini na mchanga ukimwagiwa maji kila siku, na wauguzi wa zamani walikuwa wanawafundisha wagonjwa hivyo.

Nimeanza na foleni kwa sababu ndiyo kubwa. Lakini hata zile tabia ndogo za kujikinga zilipangwa kana kwamba mwili wa mzee una ugonjwa mmoja tu wa kuogopwa. Chukua kunawa mikono. Mwaka 2020 mafundi wetu walibuni ndoo za kunawia zinazofunguliwa kwa kukanyaga kipande cha mti au chuma, kama kilivyo kibuyu chirizi, ili mtu asiguse koki. Ubunifu ule nausifu. Sasa msimamishe mbele ya ndoo hiyo babu aliyewahi kupata kiharusi, au bibi mwenye magoti yaliyokakamaa kwa baridi yabisi, ambaye mkono mmoja umeshika mkongojo. Mguu upi ukanyage na mguu upi umbebe? Niliwaona wakipita pembeni kwa aibu, na walinzi wakiwafokea kwamba hawataki kunawa. Hapo ilitosha kuweka beseni, jagi na kijana wa kummiminia maji, kama tunavyofanya kwenye misiba na harusi zetu tangu zamani.

Barakoa nayo ina mambo yake. Mwenye moyo dhaifu au pumu huhisi kukabwa akipanda kilima nayo, na milima yetu haina huruma. Asiyesikia vizuri huwa anafuata midomo ya anayesema naye, na midomo ikifunikwa yeye huitikia tu “ndiyo, ndiyo” hata kama daktari anamwuliza iwapo amezidisha dozi. Barakoa ya kitambaa, ambayo ndiyo wengi waliyoimudu, ilifungwa katika pindo la kanga pamoja na nauli na tumbaku ya ugoro, ikatolewa mlango wa hospitali, ikarudishwa huko huko. Kwa maoni yangu tulikosea mtu wa kumbebesha mzigo. Barakoa humzuia anayekohoa asiwamwagie wengine matone kuliko inavyomlinda mzee dhaifu aliyeivaa ikiwa imelegea na kuloa. Kijana mwenye mafua aliyempeleka bibi yake kliniki ndiye aliyepaswa kubanwa kwanza, kwa sababu yeye ana pumzi ya kutosha na masikio yanayosikia. Huku Kilimanjaro hatukuhitaji kungoja mwaka 2020 kulijua hilo. Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu enzi za ukoloni, na somo lake la kwanza kwa mgonjwa lilikuwa funika mdomo ukikohoa, fungua dirisha, usilale chumba kimoja na mtoto wala na mzee.

Kisha kuna nyungu. Baada ya takwimu kuacha kutolewa kati ya Aprili na Mei 2020, zikiwa zimeishia wagonjwa 509 na vifo 21, mzee wa kijijini alibaki na vyanzo vitatu vya habari, ambavyo ni redio, simu za wanawe na kengele ya msiba. Redio ilisema tusali na tujifukize; simu kutoka Dar es Salaam zilisema asitoke; kengele ilisema lake. Sitaki kufufua mabishano ya wakati ule. Ninachotaka kukisema ni cha kiuguzi. Kujifukiza chini ya blanketi zito juu ya sufuria inayochemka, kwa mtu ambaye kisukari kimemfisha ganzi miguu na vidole, ni kumweka karibu na ajali ya kuungua ambayo hataisikia hadi ngozi imebabuka, na kidonda cha mwenye kisukari kila mtu anajua kinavyochukua muda kupona. Kwa mwenye moyo dhaifu anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, jasho la nyungu ya asubuhi na jioni humshusha presha ghafla, akisimama anaanguka. Tangawizi na limao katika chai havikuwa na tatizo kwa wengi, na vilimpa mzee faraja ya kufanya jambo fulani. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyemwambia mwenye magonjwa matatu kwamba dawa inayomfaa jirani yake mwenye afya inaweza kumwangusha yeye.

Hatari zaidi zilikuwa zile zilizonunuliwa kwenye maduka ya dawa. Mwezi Juni 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni inapunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni. Habari hiyo ilivuka bahari ikiwa imepungua nusu ya pili. Watu walianza kumeza deksamethasoni nyumbani kwa kikohozi cha kawaida, na kwa mwenye kisukari dawa hiyo hupandisha sukari kwa kasi kubwa. Wengine walituliza homa na maumivu ya mwili kwa diklofenaki kwa wiki nzima huku wakiendelea na dawa zao za presha, na mchanganyiko huo huumiza figo ambazo kwa umri wao tayari zimechoka. Wengine waliacha insulini kwa kuwa hawakuwa na hamu ya kula, wakidhani asiyekula hana sukari, ilhali homa yenyewe huipandisha. Haya si mambo ya janga pekee. Yanatokea kila msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, mafua yanaposhuka pamoja na ukungu wa mlima. Nadhani kila mzee mwenye ugonjwa zaidi ya mmoja anapaswa kupewa na kliniki yake karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi na maandishi makubwa, inayosema akipata homa aendelee na dawa zipi, asimamishe ipi, asinunue ipi, na ampigie nani simu. Kuipiga chapa ni gharama ndogo kuliko siku moja ya kitanda cha hospitali.

Tuje kwenye kukaa ndani. Wazee wengi wa mlimani wanaishi kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya ukoo) wawili wawili au mmoja mmoja, watoto wakiwa mijini, na ukubwa wa kihamba na migomba yake ungetosha kuwaepusha na watu bila kufungiwa chumbani. Anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi anafanya mazoezi kuliko mtu wa mjini anayelipia ukumbi. Lakini amri zilikuja kwa simu: mama usitoke, baba usiende shambani. Waliotii kwa muda mrefu walivimba miguu, sukari ikapanda kwa kukosa kutembea, na wengine wakaanza kusahau siku za wiki kwa sababu hakuna aliyepita kuzungumza nao. Hewa ya wazi chini ya migomba, umbali wa hatua chache kutoka kwa jirani, ilikuwa kinga nzuri kuliko chumba kilichofungwa chenye moshi wa kuni. Huo moshi wenyewe ni ugonjwa wa mapafu unaosubiri virusi vije kuumaliza.

Na watoto wale wale waliopiga simu ndio waliokuja Desemba. Hapa lazima niseme na ndugu zangu Wachagga wa Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, tena bila kuficha. Kila mwisho wa mwaka mnakuja nyumbani, kuhesabiwa kama watani wanavyosema, na ni desturi nzuri ambayo sitaki ife. Magari hufuatana kutoka Chalinze hadi Himo. Katika siku mbili nyumba iliyokuwa na bibi na babu hujaa watu zaidi ya 20. Wajukuu hulala na bibi kitanda kimoja. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hupita kwa kata moja kutoka mdomo hadi mdomo, na babu, kwa heshima, ndiye hupewa kata kwanza au hurudishiwa mwisho, itategemea nani anagawa. Wiki ya pili ya Januari ninyi mmekwisha kurudi makazini, na sisi kliniki tunapokea vifua. Mwisho wa mwaka 2020 ulikuwa mbaya kuliko yote niliyoyaona. Wimbi la pili lilikuwa linaenea. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tahadhari, na Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), naye aliwataka waumini wachukue hadhari. Kwa wazee wengi maneno hayo yalifika baada ya sikukuu, wakati kikohozi kimekwisha kuingia ndani. Kwenye misiba tulisikia kwamba marehemu alikuwa na “changamoto ya upumuaji”, na aliyejua kadi zake za kliniki alijua kwamba presha na sukari vilikuwapo kabla.

Sidai kwamba watu wasije. Nadai kwamba anayekohoa aahirishe safari kwa siku chache, na kama tayari amefika, alale kwa shangazi mwenye nguvu na siyo kwa bibi. Salamu za mkono na kukumbatiana zifanyike uani, maongezi yawe barazani au chini ya migomba, na kila mtu awe na kikombe chake cha mbege. Nimesikia wazee wakilalamika kwamba kikombe cha peke yake ni dharau. Katika ukoo ninaoufahamu, mzee wa ukoo mwenyewe alitangulia kuja na kikombe chake cha bati, akakiweka mbele ya watu wote na kusema ndicho atakachonywea hadi afe. Tangu siku hiyo hakuna tena anayeona dharau. Mamlaka ya mzee bado ina nguvu huku kwetu, na viongozi wa afya wangeitumia hiyo kabla ya kutumia mabango.

Kuhusu chanjo nitakuwa mfupi. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, na wenye miaka 50 na zaidi pamoja na wenye magonjwa sugu waliwekwa katika makundi ya mwanzo. Wengi walifika. Wengine walisita, na sababu niliyoisikia mara nyingi kliniki haikuwa zile hadithi za mitandaoni. Ilikuwa swali la mgonjwa: “Nina sukari, nina presha, nameza vidonge hivi sita, je, sindano hii haitagombana navyo?” Ni swali la akili timamu, na lilistahili mtu wa kulijibu kwa kuangalia kadi ya mgonjwa. Mara nyingi aliyekuwa anachanja yuko hema moja na aliyekuwa na kadi yuko jengo jingine. Watoto wetu wamekuwa wakipata chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia tangu mwaka 2013, na tumeona faida yake. Mzee mwenye kisukari, ambaye bakteria huyo huyo humwua kirahisi, hana chanjo hiyo katika ratiba yake ya kawaida, kwa sababu hana ratiba. Nawaachia wataalamu wa Wizara waeleze gharama, ila ningependa swali hilo liwe mezani.

Kuna watakaosema kwamba korona imepita na barua hii imechelewa. Mwaka 2023, dharura ile ikiwa inaelekea kufungwa, Kagera ilipata ugonjwa wa Marburg, ukarudi tena mwaka 2025, na Machi 2025 wagonjwa wa mpox walithibitishwa nchini. Na hata bila jina jipya la kutisha, mafua, nimonia na kifua kikuu vinaendelea kuwachukua wazee mmoja mmoja bila kutangazwa. Mzee mwenye magonjwa matatu yuko katika janga kila mwaka, na utaratibu utakaomlinda wakati wa mafua ya Julai ndio utakaomlinda siku virusi vingine vitakapotua KIA.

Sidhani kama haya yanahitaji majengo. Yanahitaji ratiba moja badala ya tatu, daftari moja badala ya kadi tatu, madirisha yanayofunguka, sehemu ya wanaokohoa iliyo mbali na benchi la kisukari, na dawa zinazotosha hadi mgonjwa atakapokuwa na sababu ya kweli ya kurudi. Nitashukuru sana iwapo Mganga Mkuu wa Mkoa wetu, au msemaji yeyote wa Wizara ya Afya, atajibu kupitia ukurasa huu maswali mawili: ni kituo gani mkoani Kilimanjaro ambacho leo kinampa dawa za miezi mitatu mzee mwenye presha na kisukari aliye na hali tulivu, na kama hakipo, kinachozuia ni dawa, ni fedha, au ni mwongozo ambao haujaandikwa?

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Kibosho, Moshi Vijijini.